Maharage Mia Moja

Mashindano yalianza Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne Bibi alikuwa ameshajiandikisha bila kualikwa na mtu.

Alikuwa amekuja zahanati kumletea mkwe wake funguo za nyumba alizozisahau mezani, akamkuta Daktari amesimama mbele ya wagonjwa anaeleza. Kwa mwezi mzima, Daktari alisema, kila atakayekuja na homa atachomwa kidole mara moja na damu yake itapimwa mara mbili. Tone la kwanza litakwenda kwa Nesi, kwenye kipimo kipya cha haraka, kile kiplastiki chembamba: ukisubiri robo saa kikaonyesha mstari mmoja, huna malaria, mistari miwili, unayo. Tone la pili litapakwa kwenye kioo na kupelekwa chumba cha ndani, maabara, kwa Mama Darubini, alitazame kwa darubini. Wakipatana, vizuri. Wakitofautiana, kioo kitafungwa kwenye karatasi na Ijumaa kitapelekwa hospitali kubwa, kikasomwe na watu wasiomjua huyu wala yule.

"Na atakayeshindwa?" aliuliza mzee mmoja aliyejikunyata ndani ya koti.

"Atakayeshindwa atatupisha," alisema Daktari. "Chumba cha maabara kikibaki kitupu kinanifaa sana. Dawa zangu zimejaa mpaka chini ya kitanda cha wagonjwa."

Alisema akicheka, maana Daktari alikuwa mtu wa kucheka, na wagonjwa wakacheka kumfuata, kama wagonjwa wanavyofanya. Mama Darubini, ambaye ndiye mkwe wa Bibi, alikuwa amesimama mlangoni na glovu moja mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha chumba cha ndani miaka kumi na tisa, na hata jina lake halisi watu walikuwa wamelisahau.

"Sasa mimi mtanipima na nani?" aliuliza Bibi, funguo zikining'inia kidoleni.

"Bibi unaumwa?"

"Siumwi! Nauliza huu mkono." Akauinua mkono wake wa kulia juu, watu wote wauone. "Umepima homa ninyi nyote hamjazaliwa. Watoto sita, wajukuu kumi na mmoja, na majirani sijawahesabu. Sijawahi kuuliza plastiki."

Nesi, binti ambaye kicheko kilikuwa hakimkai mbali, alifungua daftari, akachukua rula, akachora safu ya tatu pembeni ya zile mbili. Juu yake akaandika MKONO. Daktari alipotaka kusema neno, alikuwa ameshachelewa. Bibi alikuwa ameketi mwisho wa benchi na ameshamshika shingo yule mzee wa koti.

"Malaria," alisema.

*

Basi Bibi akawa mfanyakazi. Kila asubuhi alifika kabla ya Nesi, akafuta nafasi yake kwenye benchi kwa ncha ya khanga, akakaa. Mgonjwa akija, Bibi humwekea mgongo wa mkono chini ya sikio, hufumba macho, hutulia kidogo, kisha hutoa hukumu.

"Malaria."

"Malaria."

"Huyu? Malaria. Tena si ya jana."

"Lakini Bibi, mimi nimekuja kufungwa kidonda cha mguu."

"Kidonda unacho. Na malaria unayo."

Nesi aliandika yote, kwa sababu alikuwa ameambiwa aandike ukweli. Wagonjwa walianza kupenda kuja. Wengine walikaa muda mrefu kuliko ilivyo lazima wakisubiri majibu, ili wamsikie Bibi akimhukumu anayefuata.

Wiki ya kwanza kipimo na darubini vilitofautiana mara tatu. Wiki ya pili ikaja habari ya mtoto wa mama muuza nyanya. Kipimo kilisema anayo. Mama Darubini alitazama kioo na kusema hana. Ijumaa kioo kikaenda hospitali kubwa pamoja na vile vingine, Jumatatu karatasi ikarudi. Mtoto anayo. Wadudu ni wachache, karatasi ilisema, lakini wapo.

Kwa bahati Nesi alikuwa amempa mtoto dawa siku ileile, kwa kukiamini kiplastiki chake, na mtoto alikuwa anacheza. Hakuna aliyeumia isipokuwa Mama Darubini. Alisoma karatasi mara mbili, akairudisha mezani kwa adabu, akasema, "Sawa, wamesema kweli," akarudi ndani na kufunga mlango. Moyo ulikuwa unamuuma, na uchungu wenyewe ulikuwa hivi: alikuwa anajua kwa nini.

Ukitazama kwenye darubini huoni kioo kizima. Unaona duara. Unasogeza kioo kidogo, unaona duara jingine. Mdudu wa malaria anaweza kuwa kwenye duara la pili, anaweza kuwa kwenye la tisini, na kwa hiyo sheria ya kazi ni kwamba hutamki "hana" mpaka uwe umepitia maduara mia. Alipokuwa mgeni kazini, Mama Darubini alikuwa na kopo lenye maharage mia moja. Kila duara, harage moja kutoka kopo kwenda bakulini. Harage la mwisho likianguka ndipo anaandika. Ilikuwa mbinu yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu, na maharage yalikuwa hayakosei.

Lakini wagonjwa waliongezeka, na mlango ukawa unagongwa. "Bado tu?" Daktari huuliza kutoka nje, kwa sauti nzuri kabisa. "Bado tu, Mama Darubini?" Maduara mia yakawa themanini. Themanini yakawa sitini. Siku moja kopo likawekwa nyuma ya kabati, kwa muda tu. Kwa miaka mitano sasa alikuwa anaishia arobaini, au karibu na hapo, kwa kukadiria. Macho yangu yanaijua kazi, alijiambia. Mazoea yana taabu.

Alilitoa kopo siku ile. Wadudu wa maharage walikuwa wamefanya karamu humo ndani. Alikuta unga na maganda.

Jioni alimkuta Bibi uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, naomba mia moja."

"Vikombe mia? Tunafungua hoteli?"

"Maharage mia. Ya kuhesabu."

Bibi alimtazama mkwe wake juu mpaka chini. Halafu, kwa kuwa alipenda jambo lolote linalohitaji hukumu, akaanza kumchagulia makubwa makubwa.

*

Wiki ya tatu Fundi akapandwa na homa.

Fundi alikuwa mwana wa Bibi na mume wa Mama Darubini, na kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake. Wiki mbili kabla ya mashindano alikuwa ameugua malaria, malaria ya kweli iliyoonekana wazi kwenye darubini, akameza dozi yote, akapona. Sasa homa imerudi. Siku ya kwanza alisema ni jua. Siku ya pili hakufungua karakana. Siku ya tatu alikataa mkate, na mtu huyo hajawahi kuukataa mkate tangu azaliwe.

Bibi hakuhitaji hata kufumba macho. "Malaria," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mchezo.

Walimpeleka zahanati wakiwa wamemweka katikati. Nesi akamchoma kidole. Baada ya robo saa kiplastiki kikaonyesha mistari miwili, myekundu, isiyo na ubishi.

"Ile dozi imeshindwa," alisema Daktari. Hakuwa anacheka. "Tukianza vidonge vilevile tunapoteza wakati. Nesi, tayarisha sindano."

"Nipeni nafasi nimtazame," alisema Mama Darubini.

Akaingia ndani. Nje walisikia maharage yakianguka bakulini, moja moja, tik, tik, na Bibi akawa anayahesabu kwa midomo bila sauti. Yalipofika mia yakaanza upya. Ilipita karibu saa nzima. Fundi alikuwa ameegemea ukuta, mkono shavuni, ndevu zake mpya zimelowa jasho. Mama Darubini alitoka, uso umemkauka.

"Hana malaria."

"Kipimo kinasema anayo," alisema Nesi taratibu, maana alimpenda.

"Kipimo kinasema alikuwa nayo. Wale wadudu wamekufa, lakini uchafu wao haujatoka damuni, unaweza kukaa wiki nyingi. Ni kama wageni wameondoka na vyombo havijaoshwa. Kipimo kinaona sahani chafu, kinatangaza wageni wapo. Mimi nimeingia nyumba nzima, Daktari. Hamna mtu."

Kabla Daktari hajajibu, Bibi aliinuka kwenye benchi.

"Mkwe wangu, mimi sijui mambo ya sahani. Najua mwanangu anawaka moto. Plastiki imesema. Mkono umesema. Ni wewe peke yako unayekataa, na sote tunajua ukikubali unanyang'anywa kile chumba." Sauti ilimpasuka. "Unataka kuniulia mwanangu ili kazi yako ibaki?"

Mama muuza nyanya, aliyekuwa amekuja kwa kikohozi tu, aliangalia sakafu. Mama Darubini alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, na kibaya zaidi, hakuweza kukasirika. Angekuwa yeye ni mama wa mtu, angesema hivyohivyo. Alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alijiuliza kama anakitetea kioo au anajitetea mwenyewe.

"Hospitali kubwa ni Ijumaa," alisema Daktari. "Leo Jumatano. Siwezi kumwacha hivi hadi majibu yarudi Jumatatu. Nakuuliza mbele ya watu. Unaapa?"

"Kwa huyu naapa. Kwa huyu nimehesabu maharage mia mbili."

"Maharage gani?"

Angeweza kusema ni mambo ya maabara. Daktari alikuwa haingii kule ndani, asingejua. Lakini alikuwa ameshaulizwa kiapo, na kiapo hakigawanyiki vipande, kimoja cha mume na kingine cha watoto wa watu.

Akaeleza. Akaeleza duara, na mia, na kopo nyuma ya kabati, na arobaini.

"Kwa hiyo yule mtoto?" aliuliza Daktari.

"Niliishia arobaini. Wadudu walikuwa mbele."

"Na wengine wote wa siku zile za mwanzo?"

"Niliwatazama kwa jicho la mazoea. Kama unataka chumba, Daktari, kichukue hata leo. Lakini huyu msimchome sindano ya ugonjwa asiokuwa nao mkaacha alio nao."

Aligeuka kumtazama mama muuza nyanya. "Nisamehe, mwenzangu."

"Mtoto anakimbia," alisema yule mama kwa haraka. "Amenivunjia ndoo jana."

Daktari alisugua paji la uso. Alikuwa mtu mwenye haya kuliko alivyojionyesha, na kilichokuwa kikimpita kichwani si maharage, ni mlango. Aliukumbuka vizuri ule mlango na mkono wake mwenyewe ukiugonga.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikikuuliza bado tu," alisema. Akavuta pumzi. "Haya. Tuseme si malaria. Ni nini?"

Akamkagua. Kifua kilikuwa safi. Tumbo laini. Koo si baya. Bibi hakuweza kukaa. Alisogea akaweka mkono wake palepale chini ya sikio, safari hii si kwa hukumu, ni kwa huruma tu, akaushusha ukimpapasa mwanawe taya kama alipokuwa mchanga.

Fundi aliruka karibu agonge dari.

"Huku kunawaka kuliko huku," alisema Bibi. Akabonyeza tena.

"Mama, acha!"

"Fungua kinywa."

"Si kitu. Ni jino tu."

"Fungua kinywa nimesema!"

Daktari alimulika tochi, akanusa, akarudi nyuma. Jino la mwisho lilikuwa limeoza kama gogo la mtoni, na ufizi umevimba usaha. Ndipo mambo yote yakajipanga: mkate uliokataliwa, chakula kinachotafunwa upande mmoja kwa mwezi mzima, na zile ndevu zilizoficha uvimbe, ambazo mkewe alikuwa amezisifu akidhani anamfugia yeye.

"Mwezi mzima!" alisema Mama Darubini. "Kwa nini hukusema?"

"Mngenipeleka kwa daktari wa meno."

"Kwani ana nini daktari wa meno?"

"Ana koleo," alisema Fundi kwa unyonge. "Mimi ni fundi, mke wangu. Najua koleo linavyofanya kazi."

Nesi alikimbilia nyuma ya pazia, na walimsikia akicheka huko mpaka akaanza kwikwi.

*

Jino liling'olewa kesho yake. Fundi alilia, jambo ambalo analikanusha mpaka leo, na baada ya siku nne za dawa akaomba mkate.

Jioni hiyo Bibi alimkuta mkwe wake anaosha vyombo, akashika kitambaa na kuanza kuvikausha, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo.

"Nilisema neno baya kule."

"Ulisema kama mama, Mama."

"Nilisema kama mjinga. Mama naye huwa mjinga, siku nyingine." Akakausha sahani ileile mara ya pili. "Yale maharage yako nimeona moja lina tundu. Nimekubadilishia."

*

Siku ya mwisho ya mwezi Daktari alisimama tena mbele ya benchi na daftari. Watu walikuwa wamejaa, na nusu yao hawakuwa wagonjwa.

Waliopimwa walikuwa mia moja thelathini na sita. Wenye malaria, baada ya yote, arobaini na mmoja. Kipimo na darubini vilitofautiana mara tisa. Hospitali kubwa ilikipa kipimo haki mara nne, ikaipa darubini haki mara tano.

"Lakini lazima niseme," aliendelea Daktari, "hizo nne za kipimo zote ni za siku kumi za kwanza. Tangu maharage yarudi, darubini haijakosa. Na kati ya tano za darubini, tatu ni za watu waliotibiwa karibuni. Vyombo vichafu."

"Na mkono?" aliuliza Bibi.

Daktari alikohoa. "Mkono wa Bibi haukumkosa mgonjwa hata mmoja. Arobaini na mmoja wote amewakamata."

Benchi likapiga makofi. Bibi aliinamisha kichwa kidogo.

"Ila pia amewakamata tisini wasio nayo. Waliosalimika ni watano tu, na Nesi anasema hao ndio waliomwamkia vizuri. Bibi, ungekuwa hakimu hakuna mwizi ambaye angekuponyoka. Lakini mtaa mzima ungekuwa jela."

"Jela ya kunywa dawa si jela," alisema Bibi, bila kutetereka.

Chumba hakitakuwa stoo. Daktari alilisema hilo harakaharaka, macho pembeni. Kipimo kitaanza, kwa kuwa hakichoki wala hakina mazoea. Aliyetibiwa karibuni, na yeyote ambaye homa na majibu yake havipatani, ataingia ndani, na huko ndani mlango hautagongwa. Kuhusu dawa zake, atanunua kabati. Mama Darubini alisikia hayo akiwa amesimama mlangoni na glovu moja, kama siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa.

Daktari alijifuta jasho na kupita mbele ya benchi kurudi ofisini. Bibi akanyoosha mkono, akamshika shingo.

"Na wewe unayo."

Watu waliangua kicheko, na Daktari akacheka kuliko wote. "Nimechoka tu, Bibi. Ni mwezi mzima wa mashindano yenu."

"Unayo."

"Nesi, mpime," ilisema sauti ya mzee wa koti. "Haki iwe sawa."

Kwa heshima ya benchi, Daktari alitoa kidole. Walisubiri robo saa, watu wakichungulia juu ya bega la Nesi. Mstari mmoja.

"Umeona, Bibi?"

"Mgongo unakuuma?"

Daktari akajigusa mgongo. "Kidogo. Tangu juzi."

"Homa na majibu havipatani," alisema Bibi. "Ingiza ndani. Wewe mwenyewe umesema sasa hivi."

Basi Daktari akaketi kwenye benchi lake mwenyewe, kati ya Bibi na mama muuza nyanya, na akagundua kwamba ubao wake unaumiza. Ndani, damu ilikauka, rangi ikamwagwa, kioo kikaoshwa. Kisha yakaanza: tik, tik. Daktari alitazama saa. Alikunja mguu, akaukunjua. Akatazama saa tena.

"Bado tu?" alipaza sauti.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka karakana ya baiskeli, Fundi akatoka na spana mkononi kuuliza kuna nini. Ndani, Mama Darubini hakuinua jicho.

"Arobaini sasa," alijibu. "Tulia, Daktari."

Daktari akatulia. Harage baada ya harage. Sitini. Sabini. Bibi alikuwa anahesabu kwa midomo. Baada ya themanini na mbili, kukawa kimya.

Nesi akaacha kuandika. Mlango ukafunguliwa. Mama Darubini alikuwa na harage moja kati ya vidole viwili.

"Njoo umwone mwenyewe," alimwambia Daktari. "Ni mmoja tu, mdogo, amekaa kama pete. Duara la themanini na tatu."

Daktari alimtazama. Hakuuliza zamani angeishia wapi. Wote wawili walikuwa wanajua. Akainuka polepole, mgongo ukimuuma kweli sasa, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia chumba cha ndani.

"Nesi," aliita Bibi, akiunyoosha mkono wake kama mtu aliyemaliza kulima shamba. "Safu ya tatu. Andika, mama."